Ndiyo ya Kuvuta Hewa

Uppsala, 8 Septemba 1996

Shangazi Gunvor mpendwa,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote, si Baba wala Mama. Nikishaliandika nitaweza kukusalimu vizuri. Ninaogopa simu. Sisemi kwamba siipendi, naiogopa hasa. Ikilia kazini najifanya nina shughuli kwenye chumba cha kufulia mpaka mtu mwingine aipokee. Juzi ililia nikiwa peke yangu. Nilisimama mbele yake hadi ikanyamaza yenyewe. Ndiyo maana nakuandikia barua, ingawa kila mara unanikumbusha kwamba namba yako haijabadilika.

Sasa salamu. Hujambo, Shangazi? Mimi ni mzima. Baba anakusalimu. Anasema paa la banda limekwisha, na mgongo wake nao umekwisha pamoja nalo. Mama bado ananiuliza nitasoma nini mwakani. Ile kofia yangu nyeupe ya kumaliza shule iko kabatini ndani ya mfuko, na kila nikiiona nafunga kabati upesi.

Nimepata kazi kwenye kituo cha utafiti wa wanyama, nje kidogo ya mji. Ni paka tu. Wengine ni wembamba, wengine wamelishwa kwa makusudi hadi wakanenepa sana, maana watafiti wanataka kujua kwa nini paka wanene ndio hupata ugonjwa wa sukari. Siku ya kipimo paka anakuwa hajala tangu jioni. Asubuhi anaingiziwa maji ya sukari kwenye mshipa, halafu anachukuliwa damu kidogo kidogo, tena na tena, karibu hadi mchana. Kwa paka mwembamba sukari hupanda, kisha hushuka upesi, kwa sababu insulini hutoka mara moja na kuiondoa kwenye damu. Kwa paka mnene insulini huchelewa. Ikija, huja nyingi, lakini mwili hauisikii tena. Sukari inabaki inaelea.

Kazi yangu ni kuwashika. Paka akiogopa, hofu peke yake hupandisha sukari na kipimo chote kinaharibika. Kwa hiyo wanahitaji mtu asiye na kelele. Fikiria, Shangazi, kuna mahali ambapo ukimya wangu unalipwa mshahara!

Mkuu wetu ni Daktari Brorsson, mtu wa Skåne kule kusini kabisa, anayeongea kama ana uji wa moto mdomoni. Mwenzangu ni Majken, ana umri kama wako, na yeye hanyamazi hata akitafuna. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwa kuvuta hewa, kama tunavyosema ndiyo huko nyumbani. Akaruka.

"We binti, umekanyaga msumari? Mbona unavuta pumzi hivyo?"

Nikamweleza kwamba ndiyo yetu ndiyo hiyo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, watu wa kaskazini! Wenzenu ndiyo tunaitoa nje, nyinyi mnaimeza!"

Kuna dume moja la kijivu, kifua cheupe, tumbo linafagia sakafu. Kwenye kadi ni Namba Kumi na Moja. Majken anamwita Mheshimiwa: "Nyanyuka, Mheshimiwa, wapiga kura wanakusubiri!" Mimi kimoyomoyo namwita Algot. Sindano ikiingia, anazika kichwa kwapani mwangu na kutulia tuli.

Wako,
Ylva


Åsele, 19 Septemba 1996

Ylva wangu,

Barua yako ilikuja pamoja na tangazo la matairi ya theluji, nikasoma yako kwanza. Nashukuru kusikia u mzima. Mimi sijambo. Matunda ya lingon yameiva msituni lakini mwaka huu namwachia Torsten jirani ayachume. Kiatu kipya kimenichubua kisigino na kidonda hakitaki kukauka. Si kitu. Usimwambie baba yako, ataanza kupiga simu, na naona si wewe peke yako usiyependa kengele yake.

Kwa hiyo simu inakuogofya. Sawa. Kuna watu wanaogopa buibui, na buibui hawawaulizi maswali.

Umenichekesha na huyo Algot. Mchungaji aliyenibatiza alikuwa na jina hilohilo, na tumbo lake pia liliingia kanisani kabla yake. Mwambie paka wako kwamba mimi na yeye tuko chama kimoja. Miaka mingi sasa ni sindano asubuhi, sindano jioni, na insulini yangu imepangwa kwenye mlango wa friji pamoja na siagi. Jikoni hakuna anayeninyang'anya.

Na usiache kuvuta hewa kwa sababu ya Majken. Bibi yako alimkubali babu yako hivyohivyo, mbele ya madhabahu. Mchungaji wa siku hiyo alikuwa ametoka kusini. Akauliza, bibi yako akavuta hewa, mchungaji akasubiri. Watu wakaanza kukohoa. Ikabidi aulize mara ya pili, na ndipo bibi yako akapaza sauti: "Nimeshasema!" Kama si mchungaji kuwa na subira ya kurudia swali, mimi na baba yako tusingezaliwa.

Kula vizuri.

Shangazi yako,
Gunvor


Uppsala, 27 Oktoba 1996

Shangazi mpendwa,

Hujambo? Kisigino kimepona? Huku majani yote yameanguka na Baba ameandika kwamba amemaliza kupasua kuni. Mimi ni mzima, ila sina furaha, nami sijui kuficha hilo kwenye karatasi.

Jumanne tulimpima Algot. Kabla hata ya kumtia maji ya sukari, damu ya kwanza ilikuwa na sukari nyingi. Daktari Brorsson alidhani ameogopa. Aliniangalia mimi, nami nikatikisa kichwa, maana Algot alikuwa amelala mikononi mwangu kama mkate. Tukarudia siku nyingine, mambo yakawa yaleyale. Amekuwa mgonjwa kweli. Anakunywa maji bila kukoma na miguu ya nyuma imeanza kulegea.

"Inasikitisha," daktari alisema, "lakini inavutia."

Majken akambwatukia palepale. "Inavutia nini? Tumemjaza chakula sisi wenyewe, sasa tunashangaa kajaa!" Daktari hakukasirika. Alivua miwani akaifuta, kisha akasema ndiyo, ni sisi.

Utafiti unakwisha kabla ya Krismasi. Paka watatafutiwa nyumba. Wasiopata watalazwa usingizi wa mwisho. Wembamba wana bahati, watu wanawapenda. Lakini Algot atahitaji sindano asubuhi na jioni, na nani anataka paka mwenye kazi kama hiyo? Mama mwenye nyumba ninakopanga hataki hata maua ya chungu. Baba akikaribia paka anavimba macho.

Shangazi, wewe unajua sindano. Jikoni mwako kuna joto. Ungeweza kumchukua? Ningemleta mwenyewe kwa treni na basi. Nimeandika swali hili mara tatu nikalifuta, sasa naliacha.

Wako,
Ylva


Åsele, 12 Novemba 1996

Ylva wangu,

Samahani kwa mwandiko, naandikia mapajani. Theluji imefika magotini. Torsten amenichotea njia hadi kwenye sanduku la barua, na mbwa wake ameiba kinga ya mkono wangu, ile nyekundu. Nimekufumia soksi, moja imekwisha.

Mama yako ameniambia umekonda. Umekaa na paka wanene, ungeiga kidogo.

Lile uliloniuliza, ningoje kidogo. Sijasema hapana.

Gunvor


Uppsala, 25 Novemba 1996

Shangazi mpendwa,

Salamu sana. Mimi ni mzima, Baba na Mama ni wazima. Asante kwa soksi moja.

Unajibu kila kitu ila kile. Na kisigino hukutaja kabisa. Sijui niulize lipi kwanza, kwa hiyo nauliza yote mawili.

Nyumba ya paka sasa ina mwangwi. Wembamba wote wameondoka. Majken amechukua wawili wanene, mumewe alipiga kelele siku nzima, na jioni akakutwa amelala nao kwenye kochi. Wengine wamechukuliwa na wanafunzi. Algot amebaki peke yake kwenye chumba cha dirisha. Namchoma sindano mwenyewe sasa. Hata hageuzi kichwa.

Leo Majken alinikuta nimekaa naye sakafuni. "Mwombe Brorsson muda," alisema. "Nenda ofisini kwake, fungua mdomo. Hang'ati." Nilikwenda. Nilisimama nje ya mlango wake nikasoma karatasi iliyobandikwa pale, inayohusu maegesho ya baiskeli, mpaka nikaijua yote kwa moyo. Kisha nikarudi.

Daktari amesema tutasubiri hadi Ijumaa ya kwanza ya Desemba. Asipopata mtu, basi.

Shangazi, nijibu hata kama ni hapana.

Ylva


Umeå, hospitalini, 9 Desemba 1996

Ylva wangu,

Barua yako ililala kwenye sanduku barabarani mpaka Torsten alipopita kulifungua. Amenikabidhi leo mkononi. Alisimama na kofia yake akasema, "Mama, hii inaonekana ina haraka."

Nilikwambia kisigino si kitu. Nilisema uongo, na nilijua hivyo nilipokuwa nikisema. Kidonda kiliingia mfupani. Wamenikata mguu wa kulia chini ya goti, wiki mbili zimepita. Baba yako nimemkataza kukuambia, usimkasirikie. Nilikuwa najua tangu Oktoba kwamba mambo yanaelekea huku, na ndiyo sababu sikuweza kukujibu. Ningemkubali paka wa watu kisha nisirudi nyumbani? Na ningekataaje bila kueleza?

Asubuhi hii alikuja binti mmoja wa ustawi wa jamii, mwenye sauti tamu kama shira. Akaniuliza: "Gunvor, nyumbani kuna mtu anayekungoja?" Maana kama hakuna, wangependa nihamie kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa nataka kumwambia hakuna, nilale. Nilikuwa nimechoka, Ylva. Nilishageukia ukutani. Halafu Torsten akaja na barua yako.

Binti yule aliporudi mchana nikamwambia: yupo. Anaitwa Algot, ni mgonjwa kama mimi, na tutachomana sindano kwa zamu. Akaandika. Daktari amekubali nirudi nyumbani baada ya mwaka mpya, nikijifunza kutembea na mguu wa bandia. Nimeanza leoleo. Nimeanguka mara moja na kumtukana fundi wa mguu, akaniomba nirudie tusi hilo polepole.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu. Mlete. Najua Ijumaa yenu imepita, lakini huyo daktari wako aliyefuta miwani hatashindwa kuongeza siku chache. Torsten akirudi ataweka sanduku la mbao karibu na jiko na kutandika sweta langu la zamani.

Shangazi yako,
Gunvor


Uppsala, 10 Desemba 1996

Shangazi mpendwa,

Hujambo? Sijapata barua yako. Huku wanajiandaa kwa sikukuu ya Lucia. Majken ameleta mikate ya zafarani, na wasichana wa ofisini wanafanya mazoezi ya kuimba na mishumaa kichwani. Waliniomba niwe mmoja wao, nikakataa.

Algot hayupo tena. Ilikuwa Ijumaa. Hukukosea lolote, usihangaike kunijibu lile swali.

Ylva


Umeå, 20 Desemba 1996

Ylva,

Barua zetu zimepishana njiani. Bila shaka sasa umesoma yangu.

Nimekaa siku nyingi nikiwa na yako juu ya blanketi. Nilimwambia Torsten aondoe lile sanduku. Hajaliondoa, anasema hana nafasi, lakini ana nafasi.

Binti wa sauti tamu nimemwambia aandike upya. Nyumba ya wazee ya kule Åsele ina chumba tangu Januari. Ni pasafi. Hawaruhusu mnyama hata wa kuchorwa. Mguu wa bandia nimeurudisha kwa fundi. Kutoka kitandani hadi kwenye meza ya chakula kiti cha magurudumu kinatosha.

Sikulaumu. Ila nalizungusha jambo moja kichwani na halitulii. Ulikuwa pale kila siku, na ulisema ungemleta mwenyewe kwa treni. Je, siku hiyo hakuna aliyekuuliza kama una mahali pa kumpeleka?

Heri ya Krismasi. Soksi zote mbili zimo kwenye kifurushi.

Gunvor


Uppsala, 2 Januari 1997

Shangazi mpendwa,

Salamu za mwaka mpya. Nilikuwa nyumbani Krismasi. Baba alikata nyama ya nguruwe, akakata na kipande chako, kisha akakiangalia kikiwa sahanini. Soksi zinanitosha, nimezivaa sasa.

Umeniuliza. Nimeulizwa pia na Majken, na Mama, nikainamisha kichwa nao wakaniacha. Wewe nakujibu.

Aliyeniuliza yupo.

Ijumaa ile Majken alikuwa na mafua, nami nilikuwa peke yangu. Daktari Brorsson alikuwa kwao kusini kwenye mkutano. Nilikuwa nimeamua jambo alfajiri hiyo. Kwamba hata kama hujanijibu, nitamchukua Algot, nitampandisha treni na kuja kubisha mlangoni kwako. Nilifikiri ukimwona hutaweza kumfukuza. Sikujua kwamba mlango wako ulikuwa umefungwa na wewe uko Umeå.

Saa nne simu ikalia. Nikajua ni yeye. Nilikwenda nikaipokea, Shangazi. Mimi mwenyewe. Niliinua mkono wa simu nikaweka sikioni.

"Ni Ylva?" akauliza. "Vizuri. Sikiliza, nimebanwa hapa, watu wananisubiri. Kuhusu yule dume. Wewe una mahali pa kumpeleka?"

Nikajibu ndiyo.

Niliisema kama ninavyoisema maisha yangu yote, kama wewe, kama bibi. Nilivuta hewa. Sikufikiri. Kama kuna ndiyo niliyowahi kuisema kwa moyo wote ni ile.

Akangoja kidogo. Nyuma yake watu walikuwa wanagonganisha vikombe. Kisha akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Sawa, Ylva. Naelewa. Basi tufanye hivyo leo. Nitampigia daktari wa zamu. Asante kwa kumtunza." Akakata.

Nilidhani tumekubaliana. Nilidhani daktari wa zamu anakuja kuniandalia insulini ya safari. Nilifurahi mno, Shangazi, nilimbusu Algot kati ya masikio, nikamwambia tunakwenda kaskazini. Kisha nikavaa koti nikapanda basi kwenda mjini kununua kikapu chenye mfuniko. Nilichagua muda mrefu. Kimoja kilikuwa kidogo mno kwa tumbo lake. Nikachukua kikubwa, chenye dirisha la waya, ili aone theluji.

Niliporudi chumba cha dirisha kilikuwa kimeoshwa. Sakafu bado ilikuwa na maji. Bakuli lake lilikuwa limepinduliwa kwenye sinki ili likauke. Daktari wa zamu alikuwa anavaa glavu mlangoni, mtu mwema, simjui vizuri. Akasema, "Alitulia sana. Alikuwa anatafuta mahali pa kuzika kichwa, nikampa mkono wangu wa koti."

Akakiona kikapu. Hakuuliza.

Jumatatu Majken alinishika mabega. "Brorsson anasema alikuuliza ukanyamaza kimya! Mtoto wewe! Neno moja tu, Ylva. Ungesema ndiyo!" Alikuwa analia. Ningemwambia nini? Yeye ndiye aliyenicheka siku ya kwanza, na angekumbuka, na angeumia. Daktari Brorsson aliporudi alinipa mkono akasema anajua haikuwa rahisi kwangu kukubali. Hakukosea alipoelewa ukimya. Watu wa kwao wakinyamaza wamenyamaza. Hakuwa na subira ya yule mchungaji, basi. Aliuliza mara moja.

Halafu nikapokea barua yako ya tarehe tisa, yenye sanduku na sweta. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika.

Nimeacha kazi. Walitaka nibaki, wanasema hawajapata mtu anayewatuliza wanyama kama mimi. Kikapu kiko chini ya kitanda hapa, bado kina karatasi ya duka.

Sitakuomba uurudishe ule mguu wa bandia kutoka kwa fundi. Ningependa kukuomba, lakini nina haki gani?

Ninaomba jambo moja. Haya yote yabaki kwako. Usimwambie Baba, usimwambie Torsten, hata ukiwa umechoka na yeye amekaa pembeni ya kitanda na kofia yake. Waache wote waamini kwamba nilinyamaza. Msichana aliyenyamaza wanaweza kumsamehe, wamemzoea. Huyu aliyesema ndiyo na isisikike, sijui wangemfanyaje, na mimi mwenyewe sijui.

Usinijibu kwa barua. Ukimaliza kusoma, hapo ulipo, vuta hewa tu. Nitajua umekubali.

Ylva wako